Mahali pa Rasoa

Noro alikuwa jikoni anamenya ndizi, na mama yake alikuwa anamcheka.

"Nasikia unamenya mpaka nyama," sauti ilisema kwa Kimalagasi. "Tutakula maganda leo. Kidole gumba umekiweka wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi? Sikuoni, Noro. Niambie."

"Juu ya kisu."

"Kiteremshe. Hicho kidole nilikitengeneza mimi, sitaki kikatwe na ndizi."

Mtoto akacheka, na sauti ikacheka naye, kicheko chenye mikwaruzo ya kifua kibovu.

Atuganile alikuwa amesimama barazani, buti za kazini bado ziko miguuni, zimeganda tope jeupe la visima vya jotoardhi. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, kwa hiyo hawakumsikia akiingia. Kimalagasi chake kilikuwa cha kuokota mlangoni, neno leo, neno kesho, tangu mtoto alipofika miaka miwili iliyopita. Sasa kilitosha kumuumiza.

Sauti ilitoka kifuani mwa Noro, kwenye kidude cheusi kilichoning'inia kwa kamba, umbo lake kama kipande cha sabuni iliyotumika nusu. Shirika la Malezi ya Mipakani lilikiita mlezi-sauti. Mtaani walikiita kisauti. Kila mtoto aliyevuka mpaka kwenda kulelewa na watu wa nchi nyingine alivikwa kimoja. Zamani watoto walihamishwa kama miche ya miti, wakasahau lugha yao kabla hawajajifunza nyingine, wakabaki katikati, hawana pa kulilia. Ndipo mataifa yakaandikiana Mkataba: mtoto haendi bila sauti ya kwao. Mzazi aliye hai alizungumza mwenyewe kupitia kisauti. Mzazi aliyekuwa anakufa alikaa mbele ya kinasa akasema kila alichoweza, nyimbo, karipio, hadithi, kelele za kuwafukuza mbuzi, na akishakufa mashine ilimsikiliza mtoto, ikatafuta katika maneno ya marehemu kile ambacho angesema, ikakisema.

Rasoa alikufa kwa mapafu katika kambi ya watu wa ukame, kusini mwa Madagaska, kabla Noro hajapanda ndege. Hakuna aliyemwambia Noro. Kisauti hakikuruhusiwa kudanganya, lakini pia hakikuruhusiwa kutangaza kifo. Kazi hiyo Mkataba ulimpa mlezi, aifanye siku atakapoona mtoto ameshikamana naye. Atuganile alikuwa anasubiri siku hiyo. Alitaka apendwe kwanza, halafu ndiyo aseme.

"Neny, unakuja lini?" Noro aliuliza ndani, akimwita mama kwa lugha yake.

"Hilo muulize mlezi wako."

Noro hakuuliza. Atuganile alisikia sahani zikitolewa kabatini. Moja ya Noro, moja ya mwenye nyumba, moja ya mama ambaye Noro alidhani yuko njiani. Ile ya tatu ingefunikwa kwa bakuli, na asubuhi Atuganile angeikuta imepoa, aile akiwa amesimama, kabla ya kwenda kazini.

"Gwe Atu, unasikiliza nini mlangoni kwako mwenyewe kama mwizi?"

Alikuwa Mama Tusekile, jirani wa upande wa juu, amejifunika jani la mgomba kichwani, mkononi fungu la mboga za maboga.

"Nasubiri mvua ipungue."

"Uko chini ya bati."

Atuganile akamvuta mkono hadi pembeni mwa baraza. "Mwisho wa mwezi anatimiza miaka saba, umri wa Mkataba. Wanakizima kisauti."

"Umemwambia?"

"Bado."

Mama Tusekile alikung'uta maji kwenye jani lake, taratibu, kama mtu anayejizuia. Hakufanikiwa. "Siku alipofika nilikuja hapa na wanawake wenzangu, tumebeba mikeka, tumlilie mama yake. Ukatufukuza getini. Ukasema hapa kuna sherehe."

"Shirika walisema tusilie mbele yake."

"Mtoto kaja na maiti shingoni, wewe unakata keki."

"Mama Tusekile."

"Haya, nimenyamaza. Lakini nitakuambia hili moja, halafu ninyamaze kweli. Nyumba hii ina mama wawili. Aliyekufa anaitwa kutwa nzima. Aliye hai haitwi."

Akamwekea mboga mkononi, akaondoka na jani lake.

*

Mtaalamu wa Shirika alikuja Alhamisi, Noro akiwa shuleni. Aliitwa Sechonge, kijana mwembamba kutoka Korogwe. Gari lake lisilo na dereva lilikuwa limekataa kupita matope karibu na kiwanda cha chai, likasimama lenyewe katikati ya njia na kuomba radhi, kwa hiyo alifika kwa miguu, suruali imelowa hadi magotini.

"Pole na safari," Atuganile alisema.

"Ahsante, Mama Noro."

"Niite Atuganile tu."

Sechonge alimtazama, akaelewa, akafungua begi. Alitoa bamba jembamba kama kioo cha dirisha, akaliweka juu ya meza kati ya vikombe vya chai.

"Kuzima kwenyewe siyo kugumu, Dada Atuganile. Unabonyeza nyuma, unashikilia mpaka taa ife. Mkataba unataka iwe mkono wa mlezi. Kigumu ni kinachotangulia." Akanywa chai. "Kabla ya kuzima, kisauti hutoa kauli ya kukabidhi. Kinamuaga mtoto kwa lugha yake. Kinamwambia: mimi nimefika mwisho, kuanzia sasa mama yako ni huyu. Mtoto akisikia ruhusa kutoka kwenye mdomo ule, anaweza kupenda tena bila kujiona msaliti."

"Rasoa aliyasema hayo?"

"Wengi huyasema. Tunawaomba wakati wa kurekodi."

"Nimeuliza Rasoa."

"Yeye hakusema. Lakini hilo siyo tatizo. Pale ambapo haipo, tunatunga. Sauti ipo, lafudhi ipo, pumzi ipo. Wewe unaandika kwa Kiswahili, chenyewe kinasema kwa Kimalagasi cha kijijini kwao."

"Naandika mimi?"

"Nani anamjua mtoto kukuzidi?"

Atuganile alijua jibu la swali hilo na halikuwa yeye. Hata hivyo alilivuta bamba. Mwanzo maneno yalikataa. Kisha yakaja yote kwa pamoja, kama mvuke unapopata mpasuko. Aliandika kwamba Noro alikuwa mtoto mzuri. Kwamba mama yake alikuwa anakwenda kupumzika. Kwamba kuna mwanamke aliyekaa miaka kumi akiomba mtoto na ndoa yake ikavunjikia hapo, ambaye anaamka kabla ya wengine kupasha maji ya kuoga, ambaye amejifunza kusuka nywele kwa kuangalia watoto wa wenzake. Mpende, aliandika. Mkimbilie ukiumia. Mwite mama, mimi nimekubali.

Sechonge aligusa kona ya bamba.

Na Rasoa akasema. Yote. Kwa Kimalagasi kile cha jikoni, na pale alipofika kwenye neno mama sauti ilishuka kidogo, ikakohoa, ikaendelea.

Atuganile aliondoa mikono juu ya bamba. "Kikohozi sikukiandika."

"Kinajiwekea. Bila hicho mtoto angeshtuka."

Nje mvua ilikuwa imetulia na kuku walikuwa wametoka kuchakura. Atuganile aliyatazama maneno yake yaliyokuwa bado yanang'aa mezani. Hajawahi kuandika kitu kikamtii kiasi kile. Wiki ijayo Noro angeyasikia, angelia, kisha angegeuka na kumwita. Aliona hata upande ambao mtoto angegeukia.

"Mlipomwomba aage, alisema nini?"

Sechonge alitazama viatu vyake. "Hiyo haimo ndani ya kisauti. Ni ya ofisi."

"Unayo hapo?"

"Ninayo. Haina faida, dada."

"Niwekee."

Alisita, kisha akaweka. Kwanza upepo ukipiga turubai, na nzi. Sauti ya mwanaume, ya upole, ikauliza. Mwanamke akacheka, lakini hiki kilikuwa kicheko ambacho kisauti hakikuwahi kukitoa, kikavu, cha mtu aliyechoka kutendewa wema.

"Tsia," Rasoa alisema. Hapana.

Mwanaume akauliza tena, kwa upole zaidi. Rasoa akajibu kwa sentensi ndefu, akikata pumzi katikati. Atuganile alikamata maneno machache tu.

"Anasemaje?"

"Anasema anayeaga ni yule anayeondoka." Sechonge alisugua paji la uso. "Anasema yeye haondoki popote. Mtoto ndiye anaondolewa. Kisha anasema zimeni, nataka maji."

Chai ilikuwa imefanya utando.

"Mtoto asipoagwa anakuwaje?" Atuganile aliuliza.

"Inategemea. Wengine hupata homa, ikapita. Wengine hunyamaza. Nina mmoja wa kiume, kakulia lugha mbili, tangu kizimwe hajasema neno katika lugha yoyote. Namtembelea. Ananikaribisha kwa kusogeza kiti."

"Na wanaoagwa kwa maneno ya kutunga?"

"Huwa sawa."

"Wakiwa watu wazima?"

"Wakiwa watu wazima hatuwafuatilii." Akainamia meza. "Dada Atuganile, usinielewe vibaya. Yule mama amekufa. Haumii tena. Anayeumia ni huyu anayerudi shule saa nane. Mimi nikipewa nichague nimdanganye nani, nitamdanganya wa kaburini."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimfanya awe mgumu kumkatalia. Atuganile alijaribu kufikiria Rasoa kama jina tu, kama kitu kilichokwisha. Lakini alikuwa amekaa mlangoni kwa miaka miwili akimsikiliza mwanamke huyo akifundisha kumenya ndizi, akiimba, akikaripia, akiogopea kidole gumba. Alimjua kuliko alivyowajua dada zake. Na mwanamke huyo aliombwa neno moja akakataa, akiwa anakufa, akiwa na kiu.

"Futa," alisema.

"Isikilize tena kwanza. Ilale kichwani mpaka kesho."

"Nikisikiliza tena sitaweza kusema futa. Futa sasa hivi."

Sechonge akafuta. Maneno yakazima kutoka juu kwenda chini, na neno mama lilichelewa kidogo kuliko mengine kwa sababu lilikuwa mstari wa mwisho.

*

Alimwambia Jumamosi, baada ya kufua. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la barazani, mawingu yanashuka kutoka Rungwe, Noro anakunja soksi zake. Atuganile alisema kwa Kimalagasi kwanza, kwa maneno aliyoyafanyia mazoezi kazini juu ya kelele za mabomba, kisha akasema kwa Kiswahili, ili jambo lisipate pa kujificha.

"Mama yako amekufa, Noro. Alikufa kule kambini, kabla hujaja huku. Nilijua. Sikukuambia."

Noro hakulia. Alimaliza kukunja soksi aliyokuwa nayo mkononi. Kisha akainamisha kidevu kifuani.

"Neny. Umekufa?"

Mlezi alikuwa ameshasema. Sasa kisauti nacho kiliruhusiwa kusema.

"Ndiyo, Noro."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya ndege."

"Sasa anayeongea ni nani?"

"Mashine. Maneno mengi ni yake. Mengine nayaunda kwa kufuata yake."

Mtoto alikishika kisauti. "Ulinicheka nilipokuwa namenya ndizi."

"Kicheko ni chake."

Mvua ilianza, matone makubwa, moja moja, juu ya bati. Noro aligeuka, na kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama Atuganile usoni. Aliuliza kwa Kiswahili.

"Aliniaga?"

Jibu lile lingine lilikuwa karibu sana. Halikuhitaji hata mashine. Ingetosha kuitikia kwa kichwa.

"Hapana," Atuganile alisema. "Walimwomba akuage, akakataa."

"Kwa nini?"

"Alisema yeye haondoki popote. Alisema wewe ndiye unaondolewa."

Noro alilipokea hilo kama anavyopokea mtu mzima, bila kupepesa.

"Aliyeniondoa ni wewe."

Kulikuwa na mengi ya kusema. Kambi, njaa, watoto waliobaki pale na kilichowapata. Atuganile alikuwa ameyapanga yote, na yote yalikuwa kweli.

"Ndiyo," alisema.

Noro alivua kamba shingoni, akamwekea kisauti mkononi, akashuka ngazi za baraza akaingia kwenye mvua. Hakukimbia. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye migomba, majani yakamfunika.

Kisauti kilikuwa na joto la kifua chake.

"Mvua hiyo nasikia?" Rasoa aliuliza.

"Ndiyo."

"Amevaa koti?"

"Hapana. Ametoka hivyo hivyo."

"Mpelekee. Mapafu yake ni kama yangu. Haraka."

Atuganile alikiacha kisauti juu ya benchi, akachukua koti msumarini, akakimbia. Alimkuta amechuchumaa kati ya mashina, mikono imezunguka magoti. Alipomwekea koti mabegani, Noro hakulitupa wala hakulishika. Atuganile alirudi nyuma hatua chache, mahali ambapo mtoto angeweza kumwona, na asipotaka asimwone, akasimama pale mpaka maji yakamwingia ndani ya buti.

Waliporudi, Noro alisimama mbele ya benchi akikitazama kile kidude kwa muda.

"Zima," alisema.

Atuganile alikibonyeza nyuma, akashikilia. Hakikusema kitu kingine. Neno lake la mwisho lilikuwa haraka, na mtoto hakulisikia.

*

Mama Tusekile alikuja bila kuitwa, na safari hii hakuna aliyemzuia getini. Alikuja na wanawake wa mtaa wote wa Kibisi, mikeka kichwani, masufuria, magunia ya mkaa, na wanaume nyuma yao wamebeba majembe.

"Majembe ya nini?" Atuganile aliuliza. "Hakuna maiti."

"Bibi yangu alizika kaka yake aliyepotelea ziwani. Unadhani walimsubiri samaki amrudishe?" Mama Tusekile aliwageukia wanaume. "Kateni mgomba ule uliozaa, tuuzike badala yake. Siyo huo, mwenye macho nani hapo? Ule."

Mgomba ukaangushwa. Kijana mwenye panga akauliza akate wapi, maana marehemu hakuna aliyemfahamu urefu. Watu wakatazamana. Mama Tusekile akainama mbele ya Noro, magoti yakilia.

"Mjukuu wangu, mama alikuwa anafika wapi?"

Noro aliinua mkono juu kabisa. Kisha akatikisa kichwa, akaenda kuvuta kigoda cha jikoni, akapanda, akanyoosha mkono tena mpaka visigino vikainuka.

"Hapo," alisema.

Wakakata hapo. Hakuna mwanamke wa urefu ule Rungwe nzima. Wanaume waliochimba walinung'unika, kisha wakarudi shimoni na kurefusha kaburi.

Mgomba ulivikwa shuka jeupe, ukafungwa kama anavyofungwa mtu, ukashushwa. Wanawake walimlilia kwa Kinyakyusa mwanamke ambaye hawakuwahi kumwona, wakimwita kwa jina, Rasoa, Rasoa, wakimuuliza ameiacha nyumba na nani. Noro alitupa udongo alipoambiwa. Baadaye, kwenye mkeka, katikati ya wanawake, alilala kifudifudi akalia mpaka sauti ikakauka, na kila Atuganile aliposogea, alisogea upande wa pili. Mama Tusekile ndiye aliyempaka mafuta mgongoni. Atuganile alipika. Kulikuwa na watu wengi wa kulisha, na sufuria halimkatai mtu.

Siku ya kuanua matanga, Sechonge alikuja kuchukua kisauti. Alipewa kiti upande wa wanaume, akakaa na begi lake magotini, akisema pole kwa kila aliyepita.

Mikeka haiinuliwi kabla ya jambo moja kuulizwa. Mtu akifa, mwingine husimama mahali pake. Hupewa jina lake, husalimiwa kama yeye, watoto wa marehemu humwita kama walivyomwita aliyekwenda. Atuganile alijua siku hiyo ingefika. Alikuwa ameoga, amevaa kitenge kipya, amejiandaa kuliko siku ya ndoa yake.

"Nani anasimama mahali pa Rasoa?" Mama Tusekile aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa wanaume.

Hakuna aliyehitaji kutazama huku na huku. Atuganile akainuka.

"Asisimame."

Noro alisema hivyo akiwa amekaa, kwa sauti ndogo iliyokwaruza kwa kilio cha siku zile zote. Wanawake wakageuka.

"Unasemaje, mjukuu wangu?"

"Mahali pa Neny asisimame mtu."

Mama Tusekile alipiga magoti kando yake. Hakuwa na ukali. "Kwetu mahali pa marehemu hapaachwi wazi."

"Na kwetu?" Noro aliuliza.

Lilikuwa swali la kawaida la mtoto anayetaka kujua. Alimtazama Mama Tusekile, akawatazama wanawake mmoja mmoja, akamtazama na Sechonge kule kwenye kiti. Hakuna aliyejua kwao inakuwaje. Aliyejua alikuwa ndani ya begi, amezimwa.

Atuganile alikuwa bado amesimama. Kitenge kipya kilikuwa kigumu, kinachoma kiunoni. Macho ya watu yalikuwa juu yake kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa nzito kuliko kama wangemcheka. Angeweza kusema maneno mawili na Mama Tusekile angemsimamisha. Mila ilikuwa upande wake. Umri ulikuwa upande wake.

Akaketi.

"Pabaki wazi," alisema.

"Atu," Mama Tusekile alisema polepole.

"Pabaki wazi, mama. Inueni mikeka."

Wakainua. Watu wakala, wakanawa, wakaaga, kila mmoja akimshika Atuganile mkono muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Sechonge alitaka kusema jambo getini, akaishia kusema tutaonana, akaenda kulitafuta gari lake.

Jioni haijaingia, Atuganile alikuwa nyuma ya nyumba anasugua masufuria kwa majivu. Mama Tusekile alikuwa ng'ambo ya ua anakunja mkeka wa mwisho, amebaki makusudi, akijifanya haujakunjika vizuri. Noro akatokea pembeni ya ukuta. Alisimama mbali, miguu peku kwenye tope, koti limefungwa vifungo vyote.

"Watu wameondoka?" aliuliza.

"Wameondoka."

"Wewe unabaki?"

"Nabaki."

Noro alichora tope kwa kidole cha mguu. Akafuta, akachora upya.

"Neny siwezi kukuita. Na mama ni neno lile lile."

"Najua."

"Nikuiteje?"

Atuganile alitafuta neno la kumpa. Shangazi halikuwa kweli. Mama mdogo lilikuwa wizi wa nusu nusu. "Utakavyo," alisema, na akaendelea kusugua kwa sababu hakutaka mtoto auone uso wake.

Majivu yalikuwa yamegeuka uji mweusi ndani ya sufuria.

"Atuganile," Noro akaita.

Jina tupu, lote, bila dada wala mama mbele yake, kama anavyoita mtu wa rika lake. Ng'ambo ya ua mkeka ukaacha kukunjwa. Mama Tusekile akainua uso, karipio liko tayari mdomoni.

Atuganile aliweka sufuria chini. Akajifuta mikono kwenye kitenge kipya, pande zote mbili, akageuka, akaitikia kama mtoto wa kike anavyofundishwa kuitikia anapoitwa na mkubwa wake.

"Abee."